Tope linaloelea: usilimwage lote

Ndugu, unasema kwenye mtambo wenu wa kusafisha majitaka tope lenye bakteria wa kusafisha linaelea juu ya tangi la kutuamisha, na mwenzako anataka mlitoe lote muanze upya. Msifanye hivyo. Bakteria wanaobadili amonia huzaliana polepole mno. Mkiwamwaga mtakaa wiki kadhaa mkitoa maji mabaya.

Kwanza chota lita moja kutoka tangi la hewa, yaani lile linalopulizwa hewa kabla ya kutuamisha, weka kwenye chombo chenye vipimo, acha dakika 30 bila kukigusa. Likituama vizuri kisha baada ya saa moja au mbili likapanda kwa mabonge yenye vipovu, hiyo ni gesi ya naitrojeni: tope linakaa mno chini ya tangi la kutuamisha. Ongeza kasi ya kulirudisha kwenye tangi la hewa.

Lisipotuama vizuri, chukua mililita ambazo tope linajaza baada ya dakika 30 hizo, uzigawanye kwa gramu za yabisi (chembe ngumu, maji yakiondolewa) zilizomo kwenye lita moja. Ikizidi 150, shuku bakteria wa nyuzinyuzi, wanaoota kama nyuzi ndefu na kuzuia tope lisituame; hadubini itakuonyesha. Mara nyingi chanzo ni hewa kidogo, kwa hiyo pima oksijeni na uilinde karibu miligramu 2 kwa lita. Klorini kwenye tope linalorudishwa huwaua hao wa nyuzinyuzi, ila ukikosea kipimo unaua na wale unaowahitaji. Mimi huiacha iwe ya mwisho.

Na kiasi cha tope unachotoa kila siku, kibadilishe kwa asilimia 10 hivi, kisha subiri. Pupa ndiyo imeniharibia tangi mara nyingi kuliko nyuzinyuzi zenyewe.