Kabla hujatangaza kwamba bakteria wako wanaua viwavi

Nilikuwa nasaka Bacillus thuringiensis, kwa kifupi Bt, bakteria anayeua viwavi. Mara ya kwanza nilishangilia mapema mno. Nilichota udongo chini ya mihindi huku Morogoro, nikaupasha moto nyuzi 80 kwa dakika kumi ili wasalie bakteria wenye spora tu, yaani vijimbegu vinavyohimili joto, nikawaotesha. Nikachovya majani kwenye maji yenye bakteria hao, nikatia viwavijeshi vamizi kumi kumi kila kopo. Siku ya tatu makopo yalikuwa na wawili, watatu. Nikapiga simu nyumbani.

Kumbe walikuwa wamelana. Kiwavijeshi vamizi akishakua kidogo, mwenzake ni kitoweo. Kwa hiyo kila mmoja apewe kikombe chake; vile vidogo vya plastiki vyenye mfuniko vinatosha.

Mara ya pili wakafa hata wa kulinganishia, waliolishwa majani yaliyochovywa maji matupu. Majani nilichuma kwa jirani, naye alikuwa amepuliza sumu wiki iliyotangulia. Siku hizi napanda mihindi yangu mwenyewe. Na vikombe vya maji matupu vikipoteza zaidi ya kiwavi mmoja kwa watano, jaribio lote natupa, hata kama roho inauma.

Tumia viwavi wa siku moja au mbili tangu waanguliwe. Wakubwa ni sugu, watakufanya uitupe aina nzuri ya bakteria. Usiwangojee wafe papo hapo pia: Bacillus thuringiensis haui kwa kugusa, lazima aliwe. Fuwele yake ya protini huyeyuka kwenye utumbo wa kiwavi, ambao una alkali kali, kisha hutoboa kuta zake. Kiwavi huacha kula ndani ya saa chache, ila kufa kunaweza kuchukua siku mbili tatu. Mimi huangalia kinyesi kwanza. Kikombe kikiwa safi asubuhi, najua kuna jambo.

Hadubini usiiruke. Usipoona fuwele kando ya spora, huenda umemfuga binamu yake, Bacillus cereus, yule wa kiporo cha wali kinachokukimbiza chooni.

Halafu weka dawa ya Bt ya dukani pembeni ya aina zako, ikiwezekana yenye aina ndogo iitwayo aizawai, kwa sababu ile iliyozoeleka, kurstaki, mara nyingi huwa dhaifu kwa kiwavijeshi huyu. Kuwa ya kienyeji si sifa yenyewe. Aina zangu nyingi zilishindwa hapo, na zilizobaki nyingine zikaharibiwa na jua nilipozipeleka shambani mchana badala ya jioni.

Iliyoikaribia ya dukani ni moja tu, namba 14 kwenye daftari langu. Nayo haikutoka shambani. Ilitoka kwenye vumbi la ghala la mahindi la shangazi yangu. Ningelikumbuka mapema kwamba Mjerumani Ernst Berliner, mwaka 1911, alimpata bakteria huyu kwenye viwavi wa nondo wa unga kutoka kinu cha Thuringia, ningeanzia ghalani.