Miezi minane ya kungoja

Dada yangu, unasema tangu ulipoachishwa kazi miezi minane iliyopita umeushikilia mstari wa Yeremia 29:11, ule ambao Mungu anasema anawawazia watu wake mawazo ya amani ili kuwapa tumaini, na sasa unaona aibu kwa kuwa imani imeanza kulegea. Pole sana. Aibu iweke kando.

Rudi nyuma mstari mmoja tu, ule wa 10. Maneno hayo yaliandikiwa watu waliokuwa uhamishoni Babeli, nao wakaambiwa waziwazi kwamba ni miaka 70. Sabini! Wengi waliousikia waraka ule bila shaka walizikwa hukohuko. Sasa wakingoja wafanye nini? Mstari wa 5 unajibu: wajenge nyumba, wapande bustani, wale matunda yake. (Mstari wa 11 unapendeza ukutani, ndiyo maana hii mingine tunairuka.) Kwa hiyo endelea kutuma maombi ya kazi, na kibarua kidogo kikija, kipokee. Huko si kupungukiwa imani.

Ila nikuulize kwa upendo: unachongojea ni ahadi ya Mungu, au ni tarehe uliyompangia? Hakuahidi kukurudishia kazi ileile. Aliahidi kwamba hatakuacha, na Waebrania 13:5 inalisema hilo palepale inapozungumzia fedha.

Usiku ukishindwa kuomba, isome Zaburi ya 13 kwa sauti. Katika mistari miwili ya kwanza tu, Daudi anamuuliza Mungu "hata lini" mara nne.