Rili na matangi ya chuma katika kusafisha filamu nyumbani

Ndugu, umeuliza kwa nini filamu yako ya milimita 35, uliyoisafisha katika tangi la chuma, imetoka na mabaka ya rangi ya maziwa, na kama ni heri urudi kwenye rili za plastiki, rili zikiwa vile vigurudumu vinavyoshikilia filamu ndani ya tangi. Mabaka ya namna hiyo hutokea pale mizunguko miwili ya filamu inapogusana, kwa kuwa dawa ya kusafishia haifiki hapo, wala ile ya kukazia. Kabla ya kuacha chuma, ikague kwanza rili yenyewe.

Rili hiyo ni waya uliozungushwa kwa pande mbili zinazotazamana, na pande hizo zikipinda hata kidogo, kwa mfano baada ya rili kuanguka sakafuni, hakuna ustadi wa mikono utakaoifanya ipokee filamu sawasawa. Iinue usawa wa macho, uizungushe polepole huku ukiangalia nafasi iliyo kati ya pande zake. Ikiwa imepanuka huku na kubana kule, usiitumie tena. Mimi napendelea rili za kampuni ya Hewes, ambazo zina meno mawili katikati yanayonasa matundu ya pembeni ya filamu, kwa hiyo filamu huanza safari yake ikiwa imenyooka, na kuanza vibaya ndiko chanzo cha matatizo mengi.

Rili ya plastiki hupokea filamu kutoka nje, ilhali ya chuma huanzia katikati. Kata ncha ya filamu iwe mraba, inase, kisha ikunje kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada ili upana upungue, upande wenye utando unaonasa picha ukielekea ndani. Rili ndiyo inayozunguka na kuivuta filamu. Mkono ulioshika filamu unaiongoza tu, bila kusukuma kwa nguvu. Kila baada ya mzunguko mmoja au miwili, isogeze filamu mbele na nyuma: ikicheza, imekaa mahali pake, ikigoma, ifungue hadi ilipokwama. Jizoeze kwa filamu mbovu mwangani, halafu ukiwa umefumba macho, mpaka vidole vitambue kosa vyenyewe.

Faida za chuma ni za kweli. Rili huweza kutumika ikiwa bado ina maji, jambo ambalo plastiki haikubali, na tangi la rili moja hutosheka na dawa ya mililita 240 hivi. Chuma pia hupitisha joto upesi, kwa hiyo tangi likikaa ndani ya beseni la maji ya nyuzi 20, dawa hudumu katika joto hilo.

Unapofunga, weka kifuniko kikubwa kwanza huku kile kidogo kikiwa wazi, ndipo ukifunge hicho kidogo, kwa sababu hewa isipopata pa kutokea itasukuma dawa nje unapolipindua tangi.