Jibu: Yuniti 120 zimetimia, mbona ukaguzi bado unaonyesha upungufu?

Salaam, ndugu. Umeeleza kwamba unasoma Uchumi na Sera ya Mazingira katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na kwamba umefikisha yuniti 120 (vipimo vya uzito wa masomo), lakini ukaguzi wa shahada yako, yaani orodha ya masharti ya kuhitimu uliyotimiza na yaliyobaki, bado unaonyesha upungufu. Nilipita katika programu hiyohiyo: 120 ni kiwango cha chini cha jumla tu, nacho hakifuti masharti mengine.

Anza na sharti la Tamaduni za Marekani, ambalo kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza pale hulazimika kulitimiza kwa kupata daraja la C- au zaidi, kwani wengi huliahirisha wakidhani ni la hiari. Kisha tazama masomo ya fani yako, ambayo hubeba kifupi EEP: EEP 100, yaani nadharia ya uchumi mdogo (maamuzi ya watu na makampuni), na EEP 118, ekonometria ya kuanzia (matumizi ya takwimu katika uchumi), ambayo kwa maoni yangu haifai kubanwa pamoja na masomo mengine mazito. Wastani wako wa alama nao usiwe chini ya 2.0.

Ikiwa ulihamisha masomo kutoka chuo kingine, mpelekee mshauri wako wa masomo muhtasari wa kila somo, kwa sababu somo huweza kuhesabiwa katika jumla ya yuniti bila kutambuliwa kuwa mbadala wa somo la fani.