Batri iwe ya mwisho: kufunga kontrola ya baiskeli ya umeme

Wadogo zetu mnaoanza kazi ya baiskeli za umeme hapa Goma, shikeni hili kabla ya yote: batri huunganishwa mwisho, na ndiyo hutolewa kwanza. Mota, akselereta, breki na taa vikae mahali pake kabla batri haijagusa chochote. Kontrola ni kile kisanduku kinachogawia mota umeme wa batri. Nyingi huungulia mezani, pale fundi anapogusisha nyekundu na nyekundu bila kupima.

Soma kibandiko cha kontrola. Kikisema 48V 22A, inataka batri ya lithiamu yenye seli 13 mfululizo, ambayo ikijaa husoma volti 54.6. Batri ya 36V ina seli 10 na hujaa kwa 42. Ukiifunga hiyo kwenye kontrola ya 48V, baiskeli haitaondoka au itakwenda kidogo na kukata, maana kontrola hujizima volti zikishuka karibu na 40. Kuikosea upande wa pili ndiko kubaya: kontrola ya 36V ambayo kapasita zake, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme, zimeandikwa 50V ikipewa volti 54.6, kapasita hizo zinaweza kupasuka.

Angalia pia BMS, ile kadi ya ulinzi iliyomo ndani ya batri. Ampea zake za kudumu zizidi zile za kontrola. Kwa kontrola ya 22A tafuta BMS ya 30A. Ikiwa ndogo, baiskeli itakimbia vizuri mjini, kisha ikipanda kuelekea Kibati na gunia nyuma itakata ghafla, na mwenyewe atakuletea akisema mota imekufa.

Sasa waya. Nene mbili, nyekundu na nyeusi, ni za batri. Nene tatu, manjano, kijani na buluu, zinakwenda kwenye mota, na batri haizigusi kamwe. Halafu kuna nyekundu moja nyembamba, mara nyingi inatoka karibu na ile nene: hiyo ni ya ufunguo. Inapokea volti kamili za batri kupitia swichi, na bila yake kontrola inabaki imelala hata kama umeme umeshafika mlangoni. Wanaoanza huisahau, wakazunguka siku nzima wakitafuta ubovu usiokuwepo. Lakini msiichanganye na nyekundu nyembamba za akselereta na za vihisio vya mota, vinavyoiambia kontrola mota imezunguka wapi. Hizo zinatoa volti 5 kutoka ndani ya kontrola. Ukizipelekea volti 54 umeunguza akselereta, vihisio na kontrola kwa mguso mmoja.

Rangi zenyewe msiziamini. Waya na plagi za kununua Birere huenda zililehemiwa na mtu mwingine, nyekundu ikawa upande wa hasi. Weka multimita kwenye volti za DC, kipimo cha 200, kisha pima mdomo wa plagi ya batri: ncha nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi. Ukiona alama ya kutoa mbele ya namba, simama hapo hapo. Transista za nguvu, yaani swichi za ndani ya kontrola zinazopeleka umeme kwenye mota, zina diodi ndani yake, kitu kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Ukigeuza chanya na hasi, diodi hizo zinapitisha umeme wote moja kwa moja kama shoti. Fyuzi ikikatika, mara nyingi transista zimeshakwenda.

Kwa ampea 20 hadi 30 tumieni waya ya shaba ya milimita 4 za mraba, yenye nyuzi nyingi, fupi iwezekanavyo. Waya ya nyumba yenye uzi mmoja mgumu itavunjika kwa mtikisiko wa barabara zetu za mawe ya volkano. Kwangua uzi kwa kisu: ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, irudishe.

Fyuzi ya 30A ikae kwenye chanya, karibu kabisa na batri. Zile za gari, bapa, mara nyingi zimeandikwa 32V. Kwenye volti 54 zinaweza kuungua na cheche ikaendelea kupita. Tafuteni iliyoandikwa 58V au 80V, hata kama ni ghali. Ni pesa isiyopotea.

Kulehemu plagi ya XT60 au XT90 si kazi ngumu, ila upande wa batri uwe wa kike, chuma kisikae wazi. Mpira unaonywea kwa moto uvishwe kwenye waya kabla ya kulehemu. Na waya za batri msizikate mbili kwa pamoja: koleo lenyewe litafanya shoti. Kata moja, ifunike, ndipo ukate ya pili.

Cheche mnayoisikia wakati wa kuchomeka hutoka kwa kapasita tupu zinazojaa kwa ghafla, nayo hula meno ya plagi. Unganisha hasi, kisha gusisha chanya kupitia rezista (kipande kinachopunguza kasi ya umeme) ya omu 100, wati 5, kwa sekunde mbili, halafu chomeka. Pima volti kwenye ncha mbili za rezista wakati huo: zikianguka karibu na sifuri, endelea. Zikibaki 50 na rezista ikapata moto, kuna shoti ndani ya kontrola. Ondoa mkono, usichomeke.

Jaribu gurudumu likiwa juu, akselereta polepole. Kontrola ifungwe waya zake zikitazama chini, na kila waya ipinde chini kidogo kabla ya kuingia, mvua idondokee hapo. Baada ya kupanda mlima wa kwanza, zima ufunguo na gusa plagi: ikiwa ya moto, fungua ulehemu upya.