Liyongo na kitufe cha kufufuka: kwa mnaoanza kusanifu wahusika

Vijana wangu wa Langoni na Mkomani, hapa Lamu, mlioingia kwenye kazi ya gemu, mkiambiwa mchague mhusika wa kusanifu upya mnakwenda moja kwa moja kwa Fumo Liyongo. Mna haki. Liyongo ni wa kwetu, na hadithi yake imejaa mambo yanayoomba kuchezwa. Kinachouma ni kwamba kila kundi linapita shimo lile lile. Mnamtwika kila uwezo uliomo kwenye hadithi, gemu inaharibika, mnafuta kwa hasira, na hakuna anayeandika kwa nini mlifuta. Baada ya mwezi mwenzenu analeta wazo lile lile akiamini ni jipya, na nyote mnalijenga tena.

Nachukulia pasivu (uwezo unaofanya kazi wenyewe bila kubonyezwa), ulti (uwezo mkuu wa mhusika) na hitiboksi (eneo la mwili linalopokea pigo) mnazijua. Tuanze.

1. Andikeni kwanza mhusika wa zamani alikosea wapi, kwa sentensi moja, kabla ya kugusa wazo lolote jipya. Hanzo wa gemu ya Overwatch alikuwa na mshale unaopasuka vipande. Mchezaji aliupiga ardhini miguuni mwa adui, vipande vikaruka vyote juu, na adui akafa papo hapo. Mwaka 2018 uliondolewa, akapewa mishale ya kufululiza. Tazameni kilichobaki: bado ni mpiga uta, na bado ana njia ya kummaliza aliye karibu. Kilichoondoka ni kile kifo ambacho aliyekufa hakuona angekikwepa vipi. Sentensi yenu ya kwanza iwe na uwazi kama huo, si "Liyongo hapendezi".

2. Kutodhurika kwa chuma. Hadithi inasema hakuna kilichoweza kumuua ila shaba ya kitovuni, nanyi mnaandika pasivu: silaha za chuma hazimuumizi. Sasa wekeni watano kwa watano. Adui akiwa na shaba, Liyongo ni mtu wa kawaida aliyepoteza pasivu yake. Akiwa hana, Liyongo hafi. Mechi imeamuliwa kwenye skrini ya kuchagua wahusika, na dakika zilizobaki ni za kupoteza bando. Mpeni upungufu wa madhara wa asilimia 30 wakati wote, isipokuwa anapovuta uta. Hapo kifua kinafunguka, na pigo la kiunoni linazidishwa mara 1.5. Kitovu kimebaki, na adui ana wakati na mahali pa kulenga.

3. Kufufuka. Hapa tukae, maana hapa ndipo mnapopoteza wiki nzima.

Liyongo alipochomwa sindano ya shaba na mwanawe, alikwenda kisimani, akapiga goti, akatia mshale kwenye uta, akafa vivyo hivyo. Watu wa mji hawakuthubutu kuteka maji wakidhani yu hai, mpaka mama yake akaombwa aende kumbembeleza. Nyinyi mnaichukua picha hiyo nzuri mnaigeuza ulti: akifa, anainuka na nusu ya uhai.

Pigeni hesabu. Uhai wake ni 400. Akiinuka na 200, mmempa 600. Hilo bado si tatizo kubwa. Kubwa ni kwamba maadui wametumia vitufe vyao vyote kumwangusha. Stani yao, yaani pigo la kumduwaza mtu, inapoa kwa sekunde 12 kabla ya kutumika tena, yeye anainuka baada ya 3, kwa hiyo ana sekunde 9 mbele ya watu wasio na kitu mkononi. Mkishusha uhai wa kufufuka hadi 100, mwenye Liyongo analalamika kwamba ulti yake haina kazi. Mkirudisha 200, maadui wanalalamika. Mnashinda mnapandisha na kushusha namba, na kosa haliko kwenye namba hata kidogo. Liko kwenye tabia mnayoifundisha: mchezaji anajifunza kuwa kufa ni hatua ya mpango wake.

Studio kubwa zimepita humo humo. Ulti ya Mercy wa Overwatch iliwainua kwa mpigo mmoja wenzake wote walioanguka karibu naye. Wachezaji wakawa wanajificha, wanaacha timu ife, kisha wanatokea. Septemba 2017 uwezo huo ulitolewa kwenye ulti ukawa kitufe cha kawaida, mtu mmoja kwa mara moja, kupoa sekunde 30. Haikutosha. Kabla mwaka haujaisha uliongezewa sekunde 1.75 za kuinua, ambazo adui anaweza kuzikatiza. Aatrox wa gemu ya League of Legends alisanifiwa upya mwaka 2018, na kufufuka kwake kukahamishwa kutoka pasivu hadi ndani ya ulti. Mwaka 2019 kukaondolewa kabisa. Kama wao wenye watu na data hawakuweza kutuliza kufufuka kwa namba, nyinyi mtaweza vipi kwa laptopu mbili?

Basi kateni kufufuka, ila kisima msikikate. Jiulizeni picha ile inafanya nini: inawatia watu woga wa maiti. Hicho ndicho cha kujengwa. Akifa, mwili ubaki umepiga goti kwa sekunde 6, uta umevutwa, umeelekea upande mmoja, pembe ya digrii 60, umbali wa mita 8. Adui akipita humo, mshale mmoja unatoka wenye madhara 80, na mwili unalala. Mwili wenyewe una uhai 100. Adui sasa ana majibu matatu: asubiri, azunguke nyuma, au aupige mwili na kupoteza risasi. Upande wa kuelekea ufungwe pale pale anapokufa, kwani mkimruhusu marehemu kuuzungusha mmemfufua kwa mlango wa nyuma. Na mwili usihesabiwe kama mchezaji kwenye kituo cha kushikilia. Hilo mkilisahau, mechi haitamalizika.

4. Fremu, yaani picha moja moja zinazofuatana kwenye skrini. Kwa fremu 60 kwa sekunde, fremu moja ni kama milisekunde 16.7. Mtu anayeona ishara na kubonyeza anahitaji kiasi cha milisekunde 250, yaani fremu 15. Pingi, yaani muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi, ikiwa milisekunde 150, ongezeni fremu 9. Kwa hiyo shambulio lenye maandalizi (ishara kabla pigo halijatua) ya fremu 18 linaweza kukwepwa na mtu aliye jirani na seva, na mtoto wa Lamu halikwepi hata akiwa hodari vipi. Lenye kuua wekeni fremu 24 kwenda juu. Mawazo mengi mnayoyafuta kwa kuwa "yana nguvu mno" yana madhara ya kawaida tu, ila maandalizi yake ni mafupi. Refusheni kwanza, ndipo mkate.

5. Wimbo wa gungu uliozima sauti ya tupa Liyongo alipokuwa akikata pingu gerezani, mnaoutaka uzime sauti za hatua za wenzake: ukatwe, kwa kuwa nusu ya wachezaji wako barazani na simu bila earphone. Sauti yenyewe itumieni kama ishara ya ulti, pamoja na ishara ya kuonekana.

6. Mkate wa wishwa wenye tupa ndani, wa kumfungua mwenzake aliyefungwa: hesabuni hali hiyo inatokea mara ngapi kwa mechi. Chini ya mara tatu, hauhitaji kitufe chake.

7. Jaribuni kwa kete za bao juu ya karatasi ya miraba kabla ya msimbo. Mraba mmoja mita 2, zamu moja nusu sekunde. Wazo bovu linajionyesha humo kabla ya magharibi.

8. Daftari la yaliyokatwa. Safu tano zinatosha: jina la wazo, lilikuja kutatua nini, lilikufa kwa sababu gani (uchezaji, mtandao, michoro au muda), nini kikibadilika lirudi, na tawi la Git (programu ya kutunza matoleo ya msimbo) lilipolala. Safu ya nne ndiyo mnayoiruka, nayo ndiyo yenye thamani. Hanzo na Genji walianza kama mhusika mmoja aliyebeba mambo mengi kupita kiasi, wakagawanywa wawili. Kilichomzidi Liyongo huenda ndicho anachokikosa mhusika wenu wa tano.

Mkishakata, fuateni mabaki: maelezo ya kitufe, sauti, chembe za moto, mstari wa mafunzo, na boti, yaani mchezaji anayeendeshwa na kompyuta, ambaye bado anasubiri kitufe kisichokuwepo na kusimama wima kama mlingoti. Tafuteni jina la uwezo kwenye mradi mzima mpaka lisitokee popote. Na tawi lipewe jina la wazo na tarehe, si "mpya2".