Betri mpya, lakini kila asubuhi gari haliwaki

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina Toyota IST, betri ni ya 45Ah na haijamaliza hata miezi mitatu. Mchana nazima na kuwasha nitakavyo. Nikiliegesha usiku, asubuhi selfu inagonga tu, tik-tik, mpaka jirani aje kuniboosti. Fundi wa mtaani kwetu anasema betri ni feki, ninunue nyingine. Gari nililibadilishia redio mwaka huu, nikaweka ile ya skrini kubwa. Nifanyeje? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Usinunue kwanza. Betri feki zipo, sibishi, ila katika maelezo yako sioni mahali ambapo mtu amepima chochote.

Leo jioni ukishaegesha, washa taa kubwa kwa dakika mbili ili ile chaji ya juujuu itoke, zima, subiri kidogo, kisha weka mita ya kupimia volti kwenye betri. Volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.2 imebaki kama nusu. Ukikuta iko chini namna hiyo wakati umetoka kuendesha, washa injini upime tena: alternata nzima itakupa kati ya 13.8 na 14.5. Haifiki hapo? Basi tatizo ni uchajishaji, na usiku unasingiziwa bure.

Ikiwa imejaa, chukua spana namba 10 ufungue waya wa hasi, gari lilale hivyo. Anza na hasi siku zote, maana ukianza na chanya spana ikagusa bodi, utaona cheche. Asubuhi pima tena. Betri iliyoshuka ilhali haijaunganishwa popote ni mbovu, irudishe dukani na risiti yake. Iliyobaki palepale haina kosa. Gari ndilo linaloila.

Hapo sasa tupige hesabu, kwa sababu hesabu itakuonyesha pa kutafuta. Betri yako ili ishindwe kuzungusha selfu, tuseme ipoteze nusu ya chaji, kama ampea-saa (Ah) 22. Kwa usiku wa saa 10 hiyo ni zaidi ya ampea mbili mfululizo. Taa ya buti ya wati 5 haivuti hata nusu ampea; ingehitaji zaidi ya siku mbili. Saa na alamu kwa kawaida havizidi ampea 0.05. Kwa hiyo wewe unatafuta mwizi mkubwa.

Wa kwanza ninayemshuku ni taa za breki. Kwenye pedali kuna kipande kidogo cha plastiki kinachobonyeza swichi. Kikizeeka hupasuka na kudondoka, swichi inabaki haijabonyezwa, taa zinawaka usiku kucha bila mtu kukanyaga chochote. Taa mbili za wati 21 ni ampea 3.5. Nenda nyuma ya gari giza likiingia, utaona. Dalili nyingine: ufunguo ukiwa ON, gia inatoka P bila wewe kukanyaga breki.

Wa pili ni hiyo redio. Waya wa njano ni wa umeme wa kudumu, unatunza kumbukumbu. Mwekundu unatakiwa upate umeme ufunguo ukiwa ACC tu. Wafungaji wengine, wakitaka kumaliza haraka, huziunganisha pamoja. Skrini inaweza kuwa nyeusi huku redio ndani iko macho, na kama una amplifaya, nayo inakesha.

Wa tatu ni diodi za alternata, vile vipande vya ndani vinavyozuia umeme wa betri usirudi humo. Asubuhi kabla hujawasha, iguse. Ikiwa na uvuguvugu wakati injini imelala usiku kucha, umempata.

Ukikosa kote huko, pima mkondo wenyewe. Hamishia waya mwekundu wa mita kwenye tundu la 10A, fungua hasi ya betri, mita ikae katikati ya betri na waya huo. Boneti liwe wazi, milango imefungwa, ufunguo mbali. Subiri nusu saa kompyuta zilale, kisha chomoa fyuzi moja moja hadi namba ishuke. Ukimaliza zote na namba haijatikisika, rudi kwenye alternata, kwa sababu waya wake mnene haupiti kwenye fyuzi za ndani. Kamwe usipige selfu mita ikiwa hapo, utaiunguza. Na ukimaliza rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti. Watu wengi husahau, kesho yake wanapima betri na kuipiga shoti.

Waya wa hasi ukiurudisha, sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, inaweza kuyumba kidogo. Liache liwake mpaka lipate moto, litatulia lenyewe.